Kijana wa Karakana



Kwenye karakana za vitanda na makochi pale Makina, Kibera, kuna kijana anayepiga msasa. Ametoka gereza la Industrial Area yapata miezi mitatu sasa. Fundi wake alinisimulia jambo ambalo limenikaa rohoni. Wiki ya kwanza, kijana akifika mlangoni alikuwa anasimama. Mlango wenyewe ni wa mabati, umerudishwa tu. Anasimama, mikono nyuma, mpaka aliye ndani amfungulie. Fundi akadhani ni kiburi. Kumbe ni miaka minne hajafungua mlango kwa mkono wake.

Mama yake anasema huamka saa kumi na moja alfajiri akachuchumaa kando ya kitanda, kama anayengoja kuhesabiwa. Chakula hukimaliza wengine hawajanawa mikono. Na taa ikizimwa, halali.

Mtu kama huyu akirudi mtaani tunamuuliza, au tunaulizana kumhusu: alifanya nini? Amepata kazi? Hata sisi tunaomtakia heri tunaishia hapo. Kazi ni jambo kubwa, sibishi. Ukitaka ya ulinzi, ambayo vijana wengi wa Kibera huikimbilia, utadaiwa cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Aliyefungwa hulipa zaidi ya shilingi elfu moja na kutoa alama za vidole, ili aletewe karatasi inayomsema. Hilo linaumiza. Lakini wapo waliopata kazi na bado wakavunjika, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza: usiku unalalaje?

Nao hawasemi. Wana sababu. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na adhabu iliweza kufika miaka miwili jela. Mtu aliyetoka ndani jana atathubutu vipi kumwambia jirani kwamba ameshika kamba, akijua kamba hiyo inaweza kumrudisha kulekule? Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa miongoni mwa waliofungua kesi hiyo. Naomba habari hii ifike leo kwenye vibanda vya chai vya Makina, kwa kila mama mwenye mtoto aliyerudi. Mwulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Serikali nayo nina neno nayo. Sheria ya Magereza humpunguzia mfungwa mwenye mwenendo mzuri theluthi moja ya kifungo. Maana yake gereza linaijua siku ya kumtoa miezi mingi kabla. Mbona siku hiyo haijulikani kwenye kliniki yoyote? Idara ya Probesheni ina jukumu la kumwangalia mtu baada ya kifungo, lakini mzigo wake mkubwa ni wale walio chini ya amri za mahakama. Aliyemaliza kifungo chake hutoka langoni na mfuko wa nguo. Apewe pia miadi ya daktari wa akili, iliyoandikwa jina na tarehe, na nauli ya kumfikisha. Hospitali ya akili ya Mathari iko Barabara ya Thika, na ukiwa Makina huna kitu mfukoni, ni mbali kwelikweli.

Makina tunajua kukaa na mtu. Kukiwa na msiba, nani huitwa? Watu huja jioni baada ya jioni, wengine hawasemi neno, wanakaa tu. Aliyetoka jela amefiwa na miaka yake. Kaeni naye vivyo hivyo.

Yule fundi alipoelewa, hakumhutubia kijana. Alimkabidhi ufunguo wa kufuli akamwambia, kesho fungua wewe. Asubuhi akamkuta ameketi juu ya mbao, ufunguo mkononi, kufuli haijaguswa. Akafungua fundi mwenyewe, kimya. Siku ya nne fundi alipofika, mlango ulikuwa wazi na vumbi la mbao limefagiliwa.

Usingizi bado haujarudi. Jumatatu fundi anafunga karakana nusu siku, wanapanda matatu pamoja kwenda Mathari.