Majeraha Yasiyoonekana: Wajibu wa Chama kwa Waliorudi Vitani na Waliookoka Maafa

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika hesabu za mwaka mmesikia jinsi fedha za wanachama zilivyotumika: mazishi, karo za mayatima, na misaada kwa waliounguliwa na nyumba. Kazi hiyo ni njema, wala sina neno la kuilaumu. Lakini nilipozipitia hesabu hizo, niliona kwamba tumejifunza sana kumhudumia aliyekufa, bali aliyeokoka tumemwachia mkewe na Mungu wake. Habari ya huyo aliyeokoka ndiyo niliyokuja kuieleza.

Naomba ruhusa nianzie nyumbani kwangu. Marehemu baba yangu alikuwa askari wa Keya. Alikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyowafuata Wajapani katika bonde la Kabaw, nchi ya Burma, mwaka 1944, wakati wa mvua kubwa na matope yaliyomeza magari, hata mwezi wa Desemba wakauvuka mto Chindwin. Vita vilipokwisha alirudi na medali zake na viungo vyake vyote kamili. Majirani wakasema, "Huyu karudi salama." Lakini mimi, niliyezaliwa baadaye, sikupata kumwona baba aliyelala usiku kucha. Alikuwa akikaa nje, mgongo ukutani, panga karibu na mkono. Mlango ukibamizwa, yeye yu chini kifudifudi. Vita hakuvitaja kamwe, wala hakuhudhuria mazishi ya mtu. Sisi watoto tulimcheka. Watu wazima wengine walisema amerogwa, wengine walisema ni pombe. Alikufa bila kuulizwa na mtu swali moja tu: "Mzee, ulipatwa na nini huko?" Hata mimi sikumwuliza, nami hujuta hata leo.

Ndugu zangu, hayo hayakuwa uchawi, wala hayakuwa woga. Mwaka 1915 daktari mmoja Mwingereza, Charles Myers, aliandika habari za askari wa vita vya Ufaransa waliopotewa na kumbukumbu na nguvu za kuona, ingawa macho yao hayakuwa na jeraha. Mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, madaktari wa akili wa Marekani waliyaandika rasmi maradhi hayo katika kitabu chao cha maradhi. Kwa Kiswahili twaweza kuyaita maradhi ya kiwewe.

Chanzo chake si kigumu kukielewa. Kila mwili una mlinzi wake wa usiku, apigaye kelele hatari inapokuja, ili moyo uende mbio na miguu ipate nguvu ya kukimbia. Mtu akiisha kukabiliwa na mauti, mlinzi huyo huweza kukataa kulala: hata paka akipita hupiga kelele zile zile. Basi mtu huota ndoto mbaya, au huona yaliyopita kana kwamba yanatendeka sasa. Huepuka mahali na maneno yanayomkumbusha. Hushtuka upesi, hukasirika bila sababu, na hujitenga na watu wake. Wengi hupata nafuu kwa muda, wakiwa miongoni mwa watu wanaowapenda. Lakini dalili hizo zikizidi mwezi mmoja, na kumzuia mtu asifanye kazi wala kuishi na jamaa zake, hapana budi apelekwe kwa daktari.

Wala msidhani kwamba maradhi haya ni ya askari peke yao. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, watu zaidi ya 200 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa. Wengi waliumia macho, kwa kuwa waliposikia mshindo wa kwanza walikwenda madirishani kutazama, ndipo mshindo mkubwa ukaja na vioo. Yuko mwanachama mwenzetu, mama mtu mzima, ambaye tangu siku hiyo hakai karibu na dirisha, na tumekuwa tukimwona ana maringo kwa kuchagua kiti. Wako pia vijana waliookoka katika Chuo Kikuu cha Garissa, walipouawa watu 148 tarehe 2 Aprili 2015. Na tangu majeshi yetu yalipoingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, wako wana wetu waliorudi makwao na viungo kamili, kama alivyorudi baba yangu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Yatupasa kufanya nini? Kwanza, tusimwite mtu huyo mwoga wala mwendawazimu. Pili, tusimlazimishe kusimulia. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba kuwakusanya watu mara tu baada ya maafa na kuwachimba habari zao hakufai. Lifaalo ni kumtazama ana haja gani, kumsikiliza akitaka kusema, na kumfikisha penye msaada. Tatu, tusimpe pombe kama dawa, kwa maana humlaza saa moja na kumwamsha na mzigo mkubwa zaidi. Nne, akitamka habari za kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo. Silaha na sumu ziondolewe, na siku hiyo hiyo apelekwe hospitali.

Tiba ipo, na sehemu yake kubwa ni maneno: mgonjwa huongozwa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, akaisimulia habari yake hatua kwa hatua, hata ikawa jambo lililopita. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, Wanyarwanda na Wasomali walitibiwa kwa njia hiyo na wakimbizi wenzao waliofundishwa, wala si na madaktari, na habari iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba wengi walipata nafuu. Waliloliweza wakimbizi, sisi wenye mashamba na nyumba hatuwezi kusema linatushinda.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, natoa mapendekezo mawili. Mfuko wa Chama uruhusiwe kulipa nauli na gharama za matibabu kwa aliyeokoka, kama unavyolipa jeneza. Na kila tawi lichague watu wawili, mume na mke, wajulikanao kwa kutunza siri, wapelekwe kufundishwa.

Nimalizie nilipoanzia. Mwana wa ndugu yangu mdogo alirudi kutoka jeshini mwaka jana. Usiku mmoja nilimkuta nje, amekaa, mgongo ukutani. Nilikijua kikao kile. Sikumwambia neno, nilichukua kigoda nikakaa kando yake mpaka alfajiri, na kesho yake vivyo hivyo. Usiku wa nne aliniuliza, "Baba mkubwa, ni kweli Babu naye alikuwa halali?" Nikamjibu, "Ni kweli, mwanangu, na hakuna aliyekaa naye." Ndipo akalia.

Mwezi uliofuata tulikwenda pamoja kwa daktari, naye angali anakwenda. Bado hajapona, lakini siku hizi hulala ndani. Nauli niliitoa mfukoni mwangu, kwa sababu nilikuwa nayo. Wako wanachama wasio nayo, nao wana watoto. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumeficha vya kutosha. Naomba mapendekezo haya yapigiwe kura leo, kabla hatujatawanyika.