Mwanafunzi Si Mlinzi wa Nguo

Ndugu walimu wa Mwanza,

Kipindi cha michezo kikifika, tunaona hodari 22 wakiingia uwanjani. Wasichana, viwete na wenye ualbino huachwa chini ya mwembe kulinda nguo za wenzao. Hilo si somo, ni ubaguzi, nao ndio wazee wetu walioupinga hata tukapata Uhuru mwaka 1961.

Tuwagawe watoto makundi madogo, kila kundi na mpira wake, hata wa matambara. Wenye ualbino wacheze asubuhi, jua halijawa kali, wamevaa kofia na mikono mirefu. Kwa wasioona vizuri, mpira utiwe njuga wausikie unakokwenda.

Suleiman Nyambui wa Majita, kando ya ziwa letu, alipata medali ya fedha ya mita 5,000 kule Moscow mwaka 1980. Je, tumemwacha nani chini ya mwembe leo?