Gurudumu Zito Halizai Kawi

(Mazungumzo na kikundi cha akina mama kinachomiliki mashine ya kusaga)

Tumesikia kuna mtu alipita hapa na picha za mashine. Ati ina gurudumu kubwa la chuma. Unalianzisha kwa betri, kisha linazunguka lenyewe na kutoa stima ya kusaga mahindi, bila dizeli wala bili. Na anataka amana kabla ya mwisho wa mwezi. Kabla mweka hazina hajafungua sanduku, hebu tuzungumze juu ya magurudumu.

Mmemwona fundi akishindwa na nati iliyoshika kutu. Anachomeka bomba kwenye mkono wa spana, anashika mwisho kabisa, na nati inalegea. Je, amepata misuli mipya? Hapana. Mkono ukiwa mrefu mara mbili, nguvu ya kuzungusha inakuwa mara mbili, lakini mkono wake nao unasafiri mara mbili. Alichopata kwa nguvu amekilipa kwa safari.

Puli za mashine yenu ni hivyo hivyo. Injini ikiwa na puli ya inchi 6 na kinu puli ya inchi 3, kinu kinazunguka mara mbili injini ikizunguka mara moja, lakini nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye kinu ni nusu. Ndiyo maana wale wanaobadilisha puli ili wasage haraka huona injini ikitoa moshi mweusi na kuzimika debe likimiminwa.

Sasa lile gurudumu zito la injini lina kazi gani? Katika injini nyingi za dizeli za pistoni moja, kama zile za kusagia, pistoni husukuma mara moja tu katika mizunguko miwili. Muda mwingine wote ni gurudumu linaloivuta injini mpaka msukumo unaofuata. Kwa hivyo gurudumu ni kama akiba ya chama chenu: linapokea, linatunza, linarudisha. Haliwezi kurudisha zaidi ya kilichowekwa, tena beringi na upepo hukata ada yao kila mzunguko.

Tupige hesabu. Chukua gurudumu la kilo 60, uzito wake ukiwa ukingoni, sentimita 30 kutoka katikati, likizunguka mara 600 kwa dakika. Kawi iliyomo inatosha kuinua gunia la kilo 90 hadi mita 12 hivi, juu ya mti mrefu. Si kidogo! Lakini mota ya kusaga ya nguvu za farasi 10 inaimaliza kwa sekunde moja na nusu hivi. Hata debe moja halijasagika.

Mtu atasema, basi tulizungushe kwa kasi zaidi. Kweli, kasi ikiwa mara mbili, kawi inakuwa mara nne, lakini hiyo nayo lazima itoke mahali: betri, dizeli, ama mikono yenu. Na chuma kina mwisho wake. Ukingo wa gurudumu hilo tayari unakimbia karibu kilomita 68 kwa saa, kama matatu. Likipasuka, ukuta wa mabati haulizuii. (Na hapa tuseme tena: leso zifungwe vizuri, na mshipi uwekewe kizuizi. Tuliomba jambo hili tulipokuja mara ya mwisho, na leo bado mshipi uko wazi.)

Huyo bwana akirudi, msibishane naye. Mwambieni alete mashine yenyewe, si picha. Alianzishe gurudumu, kisha aondoe betri na nyaya zote mbele yenu, hata iliyofichwa chini ya kiti. Awashe taa moja tu, na mkae hapo mpaka jioni. Chai tutaleta sisi. Amana ibaki kwenye sanduku, funguo zote tatu kwa wenyewe.