Saa Saba za Mguu Mmoja

Ndugu zangu wana-Urambo,

Mimi ni mhasibu, mtanisamehe nikianza na hesabu. Mwaka jana mama yangu alijikata mguu kwa jembe. Ana kisukari, kidonda kikagoma kupona. Nilichukua likizo nikawa nampeleka zahanati siku moja, siku ya pili anapumzika. Siku ya kwanza tulikaa kwenye benchi saa tatu, nikamtolea nesi maneno makali. Mama akanishika mkono: "Mwanangu, nyamaza. Huyu binti yuko peke yake."

Safari iliyofuata nikahesabu. Kunawa, kuvaa glavu, kulowesha bandeji kwa maji ya chumvi isichune nyama, kusafisha, kukagua, kufunga upya, kuandika kwenye kitabu: dakika 20. Kwa wiki sita, mara 21. Hizo ni dakika 420, yaani saa saba za nesi mmoja kwa mguu mmoja. Nyuma yetu yupo kijana aliyeungua kwenye bani la tumbaku, aliyeanguka na pikipiki, mtoto aliyemwagikiwa uji. Nesi huyo huyo anapima wajawazito na kuchanja watoto. Akiitwa kuzalisha, vidonda vinasubiri.

Lakini kidonda hakina subira. Cha mwenye kisukari kikizembewa, mguu unaweza kukatwa. Babu zetu wapagazi walitembea toka huku hadi Bagamoyo. Walijua thamani ya mguu mzima.

Kuajiri wauguzi ni kazi ya serikali, na tuendelee kuikumbusha. Sisi tunaweza kuokoa dakika zinazopotea. Mara mbili shashi iliisha, nikakimbilia duka la dawa huku nesi akinisubiri. Mara nyingine mkasi ulikuwa mmoja, tukangoja uchemshwe. Kwa hiyo naomba harambee ya mwaka huu inunue shashi, bandeji, glavu, seti za vyombo vya kufungia vidonda na mashine ya kutakasia vyombo hivyo. Risiti zote nitazileta mbele yenu, shilingi kwa shilingi.

Mama amepona. Kabla ya kurudi Dar es Salaam nilikwenda kumwomba nesi radhi. Akacheka, akasema: "Yameisha, kaka. Je, umeniletea shashi?"

Sikuwa nayo. Jibu lake liko mikononi mwetu leo.