Uliza Nambari Kwanza: Siasa Iliyojificha Kwenye Orodha ya Bidhaa

UZI. Hii ni mada niliyowasilisha kwa wanafunzi wenzangu wa sayansi ya siasa. Kuna walioomba maandishi, basi haya hapa, karibu vilevile nilivyoyasema. Kama kawaida yetu: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Hoja tu.

Wenzangu, leo nawaletea kitu ambacho kwa sura kinaboesha kuliko vyote: orodha ya nambari. Lakini nivumilieni kidogo.

Mjadala wa biashara ukiwaka huku mtandaoni, hamkosi kusikia sentensi tatu. "Mitumba inaua viwanda vyetu." "Siku hizi tunauza nje chai iliyoongezwa thamani." "Wabunge wamepandisha ushuru wa vitu vya kutoka nje." Watu wanabishana mpaka usiku wa manane, na hakuna anayeuliza swali moja dogo: nambari gani?

Kila bidhaa inayovuka mpaka, iwe ni kontena pale Mombasa ama lori pale Busia, huandikwa kwenye fomu za forodha kwa nambari. Mfumo wenyewe kwa kifupi unaitwa HS. Unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels, na ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu 2 za kwanza ni sura, 4 ni kundi, 6 ni kundi dogo. Hizo 6 zinafanana kote mfumo unakotumika. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaongeza 2 zake, zinakuwa 8.

Tuanze na chai. Sura ya 09 ina kahawa, chai na viungo. Chai ni 0902. Sasa angalia: chai nyeusi iliyo kwenye pakiti zisizozidi kilo 3 ni 0902.30. Chai nyeusi ya magunia makubwa ni 0902.40. Unaona? Mtu akisimama jukwaani aseme tumeacha kuuza chai ghafi, huhitaji kumtukana wala kumshangilia. Mwambie atuonyeshe 0902.30 imepanda kiasi gani na 0902.40 imeshuka kiasi gani. Sehemu kubwa ya chai yetu bado inatoka kwa wingi kupitia mnada wa Mombasa, ikachanganywe na kupakiwa kwingine kwa jina la mtu mwingine. Mkulima wa Kericho ana haki ya kujua kama hilo linabadilika kweli ama ni maneno tu.

Hata neno "viwanda" lina nambari zake. Umoja wa Mataifa una mfumo wa kupanga shughuli za uchumi, ISIC. Katika toleo lake la nne, kulima chai ni 0127, chini ya kilimo. Kuchanganya chai ni 1079, chini ya viwanda. Jani ni lilelile, lakini kazi hizi mbili zinahesabiwa kwenye vitabu tofauti. Ukisikia "sekta ya viwanda imekua", uliza ni shughuli zipi zimehesabiwa.

Twende mitumba. Nguo zilizovaliwa ni 6309. Nguo mpya ziko sura ya 61 na 62. Na sheria za mfumo zinasema wazi: ili nguo iingie kwa 6309, lazima ionyeshe dalili za kuvaliwa, na iwe imeletwa kwa wingi, kwenye marobota, magunia na kadhalika. Kwa hivyo nguo mpya iliyokosa mnunuzi Ulaya, ikafungwa kwenye robota na kuitwa mtumba, kisheria si mtumba.

Hapo mjadala unabadilika. Anayesema mitumba ndiyo imeua viwanda vya nguo anapaswa kutuwekea 6309 mezani pamoja na sura ya 61 na 62, tuone nguo mpya za bei ya chini zinachangia kiasi gani. Pengine yuko sawa, pengine sivyo. Bila nambari ni kelele.

Lakini nambari nazo zina upofu wake. Muulize mama anayeuza Gikomba, atakwambia kuna kamera na kuna fagia, na tofauti yake ndiyo karo ya watoto. Mfumo hauijui tofauti hiyo. Robota zuri na robota bovu yote ni 6309. Matambara yana nambari yake, 6310, lakini nguo chakavu ikipita kama nguo ya kuvaa, takwimu haitakuonyesha. Mwenye kutetea mitumba na mwenye kuipinga wote wanatumia nambari moja inayoficha jambo wanalogombania.

Sasa pesa. Tangu 1 Julai 2022, Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya una viwango vinne vikuu: asilimia 0, 10, 25 na 35, ukiacha bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Chukua shehena ya shilingi milioni 1. Ikiwekwa kwenye nambari ya asilimia 10, ushuru ni laki moja. Ikiwekwa kwenye ya 35, ni laki tatu na nusu. Kitu ni kilekile, kilichobadilika ni maelezo tu. Ndiyo maana kampuni kubwa hulipa mawakili wabishane na watoza ushuru kuhusu nambari moja.

Na nani anaamua? Ushuru huo wa forodha hupitishwa na Baraza la Mawaziri la Jumuiya na kutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya. Nchi yaweza kuomba kutumia kiwango chake kwa muda. Bunge letu linashika VAT na ushuru wa bidhaa, kupitia Mswada wa Fedha. Kwa hivyo kuna siku tunamfokea mbunge kwa jambo lililoamuliwa Arusha, na lile aliloamua yeye tunaliacha lipite.

Linapitaje? Fungua Mswada wa Fedha uone. Mara nyingi kifungu kinasema tu: futa nambari fulani, weka nambari fulani. Hakitaji mkate wala sabuni. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe kwenye mambo ya fedha za umma. Sasa Wanjiku atatoa maoni gani juu ya tarakimu 8 ambazo hakuna aliyemfafanulia? Kwangu mimi, huko si kushirikishwa. Mswada wowote unaotaja nambari unapaswa kuandika kando yake, kwa Kiswahili chepesi, ni kitu gani hicho na bei yake itaguswa vipi.

Mpaka hilo lifanyike, tujifunze kusoma wenyewe. Mtu akikuletea dai la biashara, muulize: nambari gani? Mwaka gani? Maana orodha hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka mitano hivi. Simujanja, kwa mfano, zilipata nambari yao peke yake 2022 tu, kwa hivyo ukilinganisha na miaka ya nyuma utadanganyika. Na uliza la mwisho: nani aliamua, Nairobi ama Arusha?

Akijibu yote matatu, keti naye mbishane vizuri. Asipojibu, usimpelekee retweet.