Mbwa Mzima na Mtu Mwenye Uvimbe
(Maneno ya mazungumzo kwa wenyeji wa Lodwar na Kakuma)



Katika maboma mengi ya Waturkana mbwa si mlinzi tu, bali ni yaya pia. Maji yako mbali, na mara nyingi hapana budi kuyachimba katika mchanga wa mto Tarach. Basi mtoto mchanga akijichafua, mbwa huitwa amlambe. Mama afanyaye hivyo si mvivu wala si mchafu. Atumia alicho nacho. Lakini yafaa ajue kilichomo ndani ya mbwa huyo.

Matumboni mwa mbwa huweza kukaa tegu wadogo sana, urefu wao haupati sentimita moja, na pengine hufika maelfu. Mbwa hakondi wala haugui, kwa hiyo mwenyewe hashuku lo lote. Mayai ya tegu hutoka pamoja na mavi, hushika katika manyoya na ulimi, kisha huingia kinywani mwa mtoto. Jua kali la Turkana huyaua upesi mahali pa wazi. Katika kivuli cha kibanda na penye visima hudumu zaidi, na kivulini ndiko mtoto akaako.

Yai likimezwa hugeuka kuwa kifuko cha maji katika ini, au pafu, au hata figo. Hukua polepole miaka mingi, mpaka tumbo likavimba kama la mja mzito. Uchunguzi wa miaka ya 1970 na 1980 ulionyesha kuwa kaskazini-magharibi ya Turkana palikuwa na wagonjwa wengi sana, kupita karibu kila mahali palipopata kuhesabiwa duniani. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza huko kazi ya kuwapa mbwa dawa na kuwapima watu.

Na mbwa naye aliyapata wapi? Kwa mchinjaji! Mbuzi, kondoo na ngamia humeza mayai hayo malishoni, nao huota vifuko vile vile. Mtu akiona ini lenye malengelenge hulitupa, mbwa akashiba. Ini hilo lichomwe moto, au lifukiwe chini sana na kuwekewa mawe.

Katika kisiwa cha Iceland maradhi haya yalienea sana zamani. Mwaka 1864 kijitabu kiligawiwa bure nyumba kwa nyumba, kikieleza habari za mbwa na matumbo ya kondoo. Sheria zikafuata, na leo maradhi hayo yametoweka huko. Nao walikuwa wafugaji.

Aliyekwisha kuvimba asikandwe wala asitobolewe nyumbani. Kifuko kikipasuka ndani, maji yake huweza kumwua mara moja, au kuzaa vifuko vingine. Aende hospitali ya Lodwar au ya Kakuma. Kuna chombo kionyeshacho kifuko pasipo kuumiza, na wengine hutibiwa kwa vidonge vya albendazole, wengine kwa kupasuliwa.