Benchi Lianze na Kivuli



Bustani ya Mama Ngina, hapa karibu na kivuko cha Likoni, ilifunguliwa upya Sikukuu ya Mashujaa, 2019. Wengi husifu malango na ukumbi wake wa wazi. Mimi nawaomba mtazame mabenchi. Mswahili anajua kukaa nje tangu zamani: baraza ya mawe mbele ya nyumba, kivulini, watu wakitazamana. Benchi la juani saa saba mchana halikaliwi, hata liwe zuri vipi. Chini ya mbuyu, nafasi hugombaniwa.

Basi tukiongeza viti, tuanze na kivuli, na wazee wapate pa kuegemea. Muuza madafu naye asifukuzwe, atengewe mahali. Bila yeye, nani atakaa?